Shaba Iliyopungua

Liko suali moja ambalo vitabu vya maadili hulipita kwa kuliona dogo, na vitabu vya kemia hulipita kwa kuliona si lao. Suali lenyewe ni hili: mtu aliyepima kitu kwa mikono yake mwenyewe, akapata kiasi kisicholingana na kile alichoambiwa kwamba atakipata, aandike kipi? Aandike alichokiona, au aandike alichotakiwa akione? Yeyote atakayeulizwa hadharani atajibu bila kusita kwamba aandike alichokiona. Hata hivyo jibu hilo jepesi husalitiwa kila siku katika maabara, katika maghala, katika maofisi na, tusijifiche, katika mashairi yetu pia. Jambo ambalo wote wanalikubali na wachache wanalitenda lastahili kutazamwa upya, kwani huenda ndani yake mna uzito ambao jibu la haraka halikuupima.

Msomaji wa kurasa hizi hana haja ya kukumbushwa kuwa neno mizani lina makao mengi. Dukani ni chombo cha kupimia. Katika utungaji ni hesabu ya silabi katika mshororo, ambayo Sheikh Amri Abedi aliifafanua pamoja na kanuni nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi. Na katika Qur'ani mizani hutajwa katika sura ya 55 pale inapotajwa mbingu, na sura ya 83 nzima imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Lugha iliyomweka muuza nazi, malenga na mcha Mungu chini ya neno moja haikufanya hivyo kwa bahati mbaya. Ilikuwa imekwisha kutambua kwamba kupima ni kazi ya mkono na ya dhamiri kwa pamoja.

Basi na tuuchukue mfano wetu mahali ambapo mashairi na maabara havikuzoea kukutana. Na tuende Miono. Mtu anayesafiri kwa njia kuu ya Chalinze na Segera huiacha lami kwenye eneo la Mandera, akashika barabara inayokwenda Mkange na Saadani hadi baharini. Miono imo katika njia hiyo, katika nchi ya Wazigua na Wakwere, umbali mfupi kutoka Bagamoyo ya kale kwa ramani na umbali mrefu kwa miguu. Mwaka 2014 na 2015 nchi nzima ilishughulika kujenga vyumba vya maabara katika shule za sekondari za kata, vitatu kwa kila shule, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, ambaye kwao ni Msoga, katika Chalinze hiyohiyo. Kuta zikapanda. Suali la nini kitendeke ndani ya kuta hizo, na kwa moyo gani, halikuwa suali la saruji.

Tumfikirie humo mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Hana jina kwa kuwa ni wa kufikirika, lakini wenziwe ni wengi. Mbele yake pana bika la maji yaliyoyeyushiwa mrututu, zile chenga za buluu ambazo wazee walizijua kuwa ni dawa ya vidonda kabla ya wanakemia kutufahamisha kuwa ni chumvi ya shaba. Katika maji hayo anatia unga wa chuma. Hahitaji moto wala mashine. Baada ya muda buluu inaanza kupauka, chuma kinapotea machoni, na chini ya bika panatua kitu chekundu kama udongo wa kichuguu. Kitu hicho ni shaba.

Kilichotokea ni kupeana. Kila atomu ya chuma imetoa elektroni mbili, na kila ioni ya shaba iliyokuwa imejificha majini imezipokea mbili hizo, ikarejea kuwa shaba halisi. Chuma kikaingia majini, shaba ikatoka. Wanakemia wana jina moja kwa sehemu ya kutoa na jina jingine kwa sehemu ya kupokea, kisha wakayaunganisha majina hayo mawili kuwa moja, kwa sababu hapana kutoa pasipo kupokea: kitu hakiwezi kuachia elektroni zake ikiwa hapana cha kuzichukua. Naomba msomaji alishike hilo, kwani tutalihitaji baadaye.

Ama hesabu yake ni hii. Gramu 1.12 za chuma safi, ikiwa mrututu ni wa kutosha na kuzidi, zinapaswa kuzaa gramu 1.27 za shaba, kwani atomu ya shaba ni nzito kuliko ya chuma kwa uwiano wa karibu 63.5 kwa 55.8. Huo ndio ukomo. Mwanafunzi atachuja, ataosha, atakausha na kuweka shaba yake kwenye mizani. Kisha ataligawa pato lake kwa ukomo ule, azidishe kwa 100, apate asilimia ya mavuno. Nasema mavuno kwa makusudi. Waingereza, ambao lugha yao ndiyo anayosomea mwanafunzi wetu, wana neno moja wanalolitumia kwa zao la shamba, kwa faida ya fedha, kwa pato la maabara, na pia kwa jeshi linaposalimu amri. Mfasiri hana budi kuchagua, nami nimechagua mavuno, kwa sababu mkulima wa Miono hahitaji kufundishwa kwamba kilichopandwa na kilichovunwa ni vitu viwili.

Mwanafunzi wetu amepima akapata gramu 1.06. Hiyo ni asilimia 83. Jirani yake amepata gramu 1.45, yaani asilimia 114, naye anafurahi kwa kuwa amepita mia. Baada ya robo saa madaftari yanakusanywa, na katika yote mawili imeandikwa asilimia 98.

Tusikimbilie kulaani. Tuulize kwanza zimekwenda wapi zile asilimia 17 za binti yetu. Elimu ya kemia imesimama juu ya msingi kwamba katika mabadiliko ya namna hii hapana kinachotoweka. Kwa hivyo shaba iliyopungua iko mahali. Nyingine imeng'ang'ania ukingo wa bika. Nyingine imenasa katika nyuzi za karatasi ya kuchujia. Nyingine ilimwagika pamoja na maji ya kuoshea. Huenda pia baadhi ya chuma hakikupata kugusana na mrututu kwa kuwa shaba iliyotangulia ilikifunika kama ngozi, na shaba yake ingali majini ikisubiri. Kila sehemu ya upungufu ina mahali pake, na anayeandika asilimia 83 ameacha mlango wazi ili pahali hapo patafutwe. Anayeandika asilimia 98 ameufunga mlango huo. Upungufu haukuondoka, kilichoondoka ni njia ya kuufikia.

Ujuzi huu si mgeni Miono. Katika misitu ya Bagamoyo na Chalinze, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikilisha majiko ya Dar es Salaam, mchoma mkaa anaijua kemia ya namna hii bila ya kuiita jina. Hupanga magogo, huyafunika majani na udongo, huwasha, kisha hukesha akilinda tanuri lake lisipate ufa. Ufa ukitokea, hewa huingia, oksijeni hula alichokitaka kiwe mkaa, na asubuhi hukuta majivu. Tanuri la udongo la kienyeji, hata likilindwa vizuri, aghalabu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Mchoma mkaa haoni haya kwa hesabu hiyo. Hawezi kuandika magunia asiyokuwa nayo, kwa kuwa lori linangoja na magunia yanahesabiwa. Na kwa kuwa hawezi kujidanganya, kila tanuri humfundisha kitu: gogo bichi, udongo mwepesi, upepo uliobadilika usiku. Upungufu wake ndio mwalimu wake. Ni ajabu ya zama zetu kwamba mtoto wake aliye maabara, mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, huenda akajifunza kutoka kwa mizani yake kidogo kuliko baba anavyojifunza kutoka kwa majivu.

Na yule wa asilimia 114? Visiwani hatuhitaji mwanakemia wa kutufasiria. Karafuu mbichi zinapoanikwa juani kwa siku nne au tano hupoteza takribani thuluthi mbili za uzito wake, na mchumaji hujua kuwa huo uzito ulioondoka ulikuwa maji. Anayepeleka mzigo wake kabla haujakauka hupeleka mzigo mzito zaidi. Lakini mnunuzi mzoefu huchukua karafuu akaivunja kwa vidole. Ikipinda badala ya kukatika, hujua kwamba anauziwa maji. Shaba ya gramu 1.45 ni karafuu iliyopinda. Imebeba maji, au imebeba chuma ambacho hakikuisha, au imekaushwa kwa moto mkali hadi ikashika oksijeni ya hewani na kuanza kuwa nyeusi. Kuzidi mia ni dalili ya kasoro iliyo wazi kuliko kupungua, kwani hapana mavuno yanayoweza kuupita ukomo wake. Lakini macho yetu yamezoezwa kuiona ziada kuwa baraka na upungufu kuwa aibu, ndiyo maana kijana yule alifurahi kabla hajauliza.

Washairi nao wanalijua hili. Mshororo ukipungua silabi, shairi huitwa guni, na guni ni jina linalouma. Basi mtungaji aliyebakiwa na silabi sita pahala pa nane anazo njia mbili. Moja ni kurejea kwenye wazo lake na kuuliza kwa nini halikutosha. Pengine ni wazo changa, pengine limekaa mahali si pake. Ya pili ni kutia neno lisilo kazi, kihisishi au jina la msomaji, mradi hesabu itimie. Vina vitalia, mizani itakaa, na sikio la haraka litapita. Lakini mshororo huo una maji ndani yake. Wale wanaozipenda tungo za kale hawazipendi kwa sababu silabi zake ni kumi na sita. Wanazipenda kwa sababu katika silabi hizo kumi na sita hapana hata moja iliyoazimwa kuja kuziba pengo. Nisieleweke kwamba natetea guni. Natetea haki ya guni kujulikana kuwa ni guni, ili litengenezwe.

Hapa atasimama mtu kupinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: ni rahisi kwa mtu mzima aliyeketi na kalamu yake kumhubiria ukweli mtoto wa kidato cha tatu. Mtoto huyo huenda anaitumia mizani pamoja na wenziwe ishirini, akiipata kwa dakika mbili. Anatazamwa na mtihani wa taifa, ambao matokeo yake yataamua kama ataendelea na masomo au atarudi shambani. Amekwisha kuona, kwa uzoefu wake, kwamba jibu lililo karibu na kitabu hupata vema nyekundu na jibu lililo mbali hupata mkasi. Ukimwambia aandike 83, unamwambia alipe kwa maisha yake bei ya wema ambao waliomzidi umri hawaulipi. Karani anayejaza fomu za mahudhurio, msimamizi anayeandika kuwa kisima kimekamilika, mhasibu anayelinganisha vitabu kwa wino: hao wote waliandika 98 kabla yake. Kwa nini ukweli uanzie kwa aliye dhaifu kuliko wote?

Siwezi kuipuuza hoja hii, wala sidhani inajibiwa kwa kuinua sauti. Na hapa ndipo ninapolirejea lile nililoomba lishikwe. Katika bika la mrututu, chuma hakitoi kitu mpaka awepo wa kupokea. Naona kusema kweli juu ya upungufu ni tendo la namna hiyo. Lina pande mbili, na tumezoea kuuhesabu upande mmoja tu. Tunamsifu au kumlaumu msemaji, tukasahau kumwuliza msikilizaji kama alikuwa tayari kuupokea ukweli ule. Mwalimu anayesahihisha kwa kulinganisha nambari ya mtoto na nambari ya kitabu, bila ya kuuliza ilivyopatikana, ameshiriki kuandika ile 98. Si lazima awe amekusudia. Yatosha kwamba aliacha mlango mmoja tu wazi, na huo ulikuwa mlango wa uongo.

Msikilizaji mwema anaweza kufanya nini? Historia ya sayansi ina mfano wa mtu aliyejua kwamba ukweli wahitaji wapokezi, akawatafuta. Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Alipoipata kutoka hewani, kwa kuiondoa oksijeni kwa shaba iliyopashwa moto, gesi ilikuwa nzito kidogo kuliko naitrojeni iliyotolewa katika michanganyiko ya kikemia. Alipokwisha kusafisha vipimo vyake, tofauti ilibaki ya karibu sehemu 1 katika 200. Ni tofauti ndogo kuliko zile asilimia 17 za Miono kwa mara nyingi, na mtu angeweza kuipitisha kwa kuchukua wastani. Rayleigh, mwaka 1892, aliandika barua katika jarida la Nature akieleza kwamba vipimo vyake havipatani, naye akaomba wanakemia wampe maoni. Mwaka 1894, yeye na William Ramsay wakatangaza kwamba hewani mna gesi nyingine ambayo hakuna aliyeijua, nzito na mvivu, isiyoungana na kitu. Wakaiita agoni. Mwaka 1904 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia. Gesi hiyo, iliyo karibu asilimia moja ya hewa, ilikuwa ikivutwa na kila pumzi ya binadamu tangu Adamu. Ikajulikana siku mtu mmoja alipokataa kuilazimisha mizani ikubaliane naye, na watu wengine wakakubali kumsikiliza.

Mtu atasema kwamba Rayleigh alikuwa bwana mkubwa mwenye maabara yake, asiye na mtihani wa kuogopa. Ni kweli, na hilo ndilo linalotuonyesha wajibu unakolalia zaidi. Ukweli ni rahisi kwa aliye salama. Kwa hivyo anayeutaka ukweli kwa walio chini yake ana deni la kuwafanya wawe salama kwanza. Mwalimu wa Miono anaweza kulilipa deni hilo bila ya shilingi moja kutoka wizarani. Anaweza kutoa alama kwa mwanafunzi aliyetaja sehemu tatu ambako shaba yake yaweza kuwa imebaki. Anaweza kuyabandika ukutani matokeo ya darasa zima, 83 na 71 na 114, bila majina, akawauliza: kwa nini sisi sote tumetofautiana? Siku hiyo maabara itakuwa imeanza kazi yake, hata ikiwa bomba halitoi maji.

Lakini deni la msikilizaji halimfuti msemaji. Hapa mfano wa kemia una kikomo chake, nami sitaki kuuvuta kuliko unavyoweza kubeba. Chuma hakina hiari, mtu anayo. Binti yetu, hata mbele ya mwalimu mkali, bado anajua alichokiona kwenye mizani, na ujuzi huo ni wake. Akiandika 98 kwa kuogopa, dhambi kubwa si yake. Lakini hasara ni yake. Waswahili walisema mficha uchi hazai, na sijui methali nyingine inayoingia katika maabara kwa urahisi kama hii. Anayesitiri upungufu wake hukosa uzao, kwa maana zote za neno hilo. Hatajua kwamba alipaswa kuosha bika mara ya pili. Hatajua kukoroga zaidi. Mwakani atapata 83 tena, ataandika 98 tena, na mwisho atakuwa mtu mzima anayeandika kwamba kisima kimekamilika.

Wala 83 iliyoandikwa kwa ukweli isigeuzwe kuwa cheti cha uvivu. Wapo waliojifunza kukiri upungufu kwa ulaini, wakauona ukiri wenyewe kuwa ndio kazi. Shaba iliyomwagwa kwa kutojali haitakasiki kwa kuandikwa. Nambari ya kweli inamdai aliyeiandika arudie, aoshe, akaushe taratibu, apime tena, mpaka kinachobaki kupungua kiwe kile ambacho uangalifu hauwezi kukiokoa. Hapo ndipo upungufu unapokuwa na heshima, kwa kuwa umekwisha kutenganishwa na uzembe.

Jibu langu basi kwa suali la mwanzo ni hili. Aliyepima aandike alichokiona, na aliyempa kazi ya kupima ajiandae kukipokea. Mmoja akikosekana, hatutapata mavuno, tutapata tarakimu tu. Na kwa kuwa wengi wetu tunaosoma kurasa hizi ni wapokezi zaidi kuliko tulivyo wapimaji, tukiwa wazazi, walimu, wahariri, wakuu wa vikao, ni vema kila mmoja ajiulize ni lini mara ya mwisho mtu aliye chini yake alimletea asilimia 83 bila kutetemeka. Ikiwa hakumbuki, asifurahi kwamba watu wake ni hodari. Achukue karafuu moja katika mzigo alioletewa, aivunje kwa vidole, asikilize kama italia.